Nyumba Niliyoibashiri

Darcy Pruitt amekula kwangu mpaka sahani zinamjua. Kila Jumapili wali wa mbaazi, kila Krismasi nguruwe wa kuoka, na akiondoka nambebesha kingine cha kesho. Kwa hiyo sauti yangu ikipanda nikisimulia, mnivumilie, bado sijapoa.

Tulijuana kwenye foleni ya nyumba ya kutisha, pale kwenye bustani ya burudani ya Orlando. Mimi napokea wagonjwa kwenye kliniki ya meno huku Kissimmee, mji wa jirani. Yeye ameajiriwa hukohuko bustanini, anaandika maneno ya menyu na vibao vya mikahawa. Alinishika mkono gizani akidhani mimi ni dada yake, akapiga kelele, nami nikapiga kelele, tukatoka nje tunacheka hadi machozi. Basi, urafiki ukaanza hivyo.

Sasa, kwetu sisi wapenzi wa nyumba hizi, Halloween, ile sikukuu ya vitisho ambayo bustani huijengea nyumba mpya kila mwaka, haingoji Oktoba. Inaanza Februari, bustani ikiwa bado haijatamka neno. Tunachora ramani ya tetesi na kuiweka mtandaoni. Jengo gani litakuwa na nyumba gani, mandhari yake nini, inatisha kiasi gani. Majina halisi hatuyajui, basi kila nyumba tunaipa jina la bandia, na mwaka huo tulichagua vyakula. Kulikuwa na Donati, Tambi, Maharage, na ile ya jengo la nyuma kabisa tukaiita Keki. Anayeichora ramani ni mimi. Mtu anaweza kuniona wa ajabu, mama mzima na nywele za mvi, lakini nikikosea, mashabiki wa mbali huko Ohio wananitukana kabla sijanywa kahawa.

Na tuna adabu yetu. Mtu anayefanya kazi ndani haulizwi kitu. Amesaini kukaa kimya, na ukimuuliza unamweka pabaya. Akiamua mwenyewe kudondosha neno, unaokota na kushukuru. Darcy ni mtu wa ndani, hata kama ni wa menyu tu, na mimi sikuwahi kumuuliza. Najivunia hilo. Au nilikuwa najivunia.

Tetesi ya kwanza ya Keki ililetwa na Hollis, mzee mstaafu wa posta, ambaye hupanda ile treni ya kuporomoka si kwa raha bali kwa sababu ikifika juu kabisa unaona nyuma ya uzio. Aliona mafundi wanaingiza jiko la zamani na meza ya kulia. Kisha mtu mwingine akasema wameshona gauni la njano la mtoto.

"Gauni la nani?" Hollis akaandika. "Watoto hawaajiriwi mle. Nereida, ramani inasemaje?"

Nikajibu bila kufikiri: gauni halivaliwi na mtu, linavalishwa kiti.

Wakanicheka. Baada ya muda picha ikavuja, imepigwa kwa mbali, lakini gauni lilionekana wazi limefungwa vifungo kwenye mgongo wa kiti. Lo! Bichwa langu likavimba. Hollis akaandika, "Wewe mwanamke ni mchawi, nitakuja na chumvi kukufukuza!"

Kiti hicho sikukibuni tu. Kilikuwa kwetu. Mdogo wangu Lisandra alipokufa kwa homa ya uti wa mgongo, mama yangu, Mami, alikivalisha kiti gauni lake la shule, akakiweka mezani, akakipakulia. "Kula, mwanangu, chakula kinapoa." Miaka na miaka. Madirisha yote akayabandika karatasi za kuokea ili majirani wasituone, kwa maana majirani walikuwa na midomo. Walisema Mami ndiye aliyemuua. Alidhani ni mafua, akampa chai ya tangawizi na kumfunika blanketi, na bima ya hospitali hatukuwa nayo. Walipofika kule ilikuwa basi tena. Mpaka Mami anakata roho, kichwa kimeshaanza kupotea, alikuwa ananishika mkono na kuniuliza, "Nere, nilimuua?" Nami nasema, "Hapana, Mami. Homa ndiyo iliyomuua." Analala. Anaamka anauliza tena.

Hayo yote mtu mmoja tu duniani niliwahi kumwambia. Wiki tuliyomzika Mami, jikoni kwangu, Darcy akinikaushia vyombo. Alilia kuliko mimi.

Basi nilipobashiri kiti, nilijiambia ni kawaida, kila mtu anabashiri kutoka kwenye kile kilichomtisha yeye, na bahati imeniangukia. Halafu Hollis akaona mabunda ya karatasi ya kuokea yanashushwa kwenye gari. "Watapika keki kweli?" akatania. Vidole vyangu vikaandika vyenyewe: ni za madirisha. Nilikuwa sahihi tena, na safari hii mwili ulinisisimka.

Nikampigia Darcy.

"Shosti, hii Keki," nikasema. "Ni kama naijua. Wewe huko ndani hujasikia..."

"Nere." Akanikatiza kwa upole, ule upole wa kumtuliza mtoto. "Unajua sisi hatuulizani hayo."

Nikamwomba radhi. Mimi! Nikamwomba yeye radhi kwa kukosa adabu, tena nikaona haya siku nzima.

"Lakini usiache kubashiri," akaniambia kabla ya kukata. "Watu wanakupenda. Keki inapanda kwa sababu yako."

Na kweli ikapanda. Niliiweka namba moja kwenye ramani. Watu wakakata tiketi za ndege kwa ajili yake. Bustani ilipotangaza hatimaye, jina likawa "Jikoni kwa Mama", na bango lake ni kiti chenye gauni la njano. Nililitazama bango hilo nikiwa kazini, mgonjwa kasimama mbele yangu na shavu limevimba, anasema samahani, samahani, na mimi simsikii. Bado nilijitetea. Gauni ni gauni, nikasema, na viti viko kila nyumba. Jamani, moyo unaokataa kujua hauna dawa.

Darcy akaniletea zawadi: nafasi kwenye ziara ya mchana. Ni ile ambayo taa zote huwashwa, waigizaji hawapo, mnapitishwa taratibu muone ufundi. Sisi tunaipenda kuliko usiku wenyewe. "Tutaingia wote," akasema. "Nataka niwe kando yako." Nikamkumbatia.

Tukaingia pamoja na Hollis na wengine kama kumi na tano. Kiongozi wetu, binti mchangamfu mwenye kofia ya bustani, akatusimamisha kwenye mlango wa jikoni. Nje jua la Florida lilikuwa linaunguza, mle ndani kiyoyozi kinavuma, na karatasi kwenye madirisha zilikuwa zimebandikwa kwa gundi nyeusi kwenye pembe, kama za kwetu. Meza ilikuwa upande uleule. Sahani yenye maua pembeni. Kiti. Kisha spika ya ukutani ikasema kwa sauti ya mwanamke: "Kula, mwanangu, chakula kinapoa."

Nikashika kamba ya kuzuia watu.

"Hapa ndipo siri inapofichuka," akasema binti, anatabasamu. "Mama huyu alimuua bintiye mwenyewe. Alimtilia sumu kwenye chai, akamfunika blanketi, akakaa kumtazama. Mnaona kikombe?"

Watu wakasema oooh. Hollis akanigusa bega. "Na chai umeibashiri, mchawi?"

Niligeuka kwa Darcy.

"Ni wewe," nikasema.

"Nilitaka uione mwenyewe kwanza," akanong'ona. "Walinihamishia kwa waandishi wa Halloween, Nere. Nilisaini, nisingeweza kukuambia. Walitaka niwaletee kisa na sikuwa na kisa."

"Ulikuwa na mama yangu."

"Majina nimebadilisha yote. Hakuna atakayejua. Halafu si umeipenda? Umeipa namba moja mwenyewe!"

"Na sumu?"

Akatazama viatu vyake. "Wakubwa walisema huzuni peke yake haitishi. Mama lazima awe na hatia."

"Darcy, ulijua alichokuwa ananiuliza mpaka anakufa."

"Ndiyo," akasema, na nadhani hilo lilikuwa jambo la kweli pekee alilonitamkia mwaka ule. "Ndiyo maana nilijua itatisha."

Sijawahi kumpiga mtu, na siku hiyo sikumpiga. Damu ilinichemka mpaka masikio yakaziba. Nilimwona mwaka mzima mwanamke huyu anakula wali wangu, anapangusa mdomo, ananisikia nikipiga debe mtandaoni kwamba njooni, njooni mwone, na yeye kimya. Nilimwita mama yangu muuaji mbele ya maelfu ya watu na sikujua. Alikuwa amenifanya nifanye hivyo, kwa adabu zote.

Nikaruka kamba.

"Mama, samahani, hapo haturuhusu..." binti akaanza.

Nilipiga magoti mbele ya kiti, nikaanza kufungua vifungo. Vilikuwa vidogo, vinaniteleza. Gauni lilikuwa jipya, linanuka kiwandani, halikuwa lake, hata rangi haikuwa yake. Nikalivua hata hivyo. Nikalikumbatia kifuani.

"Nere, acha, tafadhali," Darcy akasema kwa sauti ya chini kule nyuma. "Nitafukuzwa kazi."

Nikasimama nikawakabili wote. Machozi yananimwagika, kamasi, kila kitu.

"Hakumuua!" nikapaza sauti. "Mnanisikia? Mama yangu hakumuua mtoto wake! Ilikuwa homa! Alimpa chai ya tangawizi kwa sababu alimpenda, na mnamsingizia! Yuko kaburini na mnamsingizia!"

Spika ikasema tena kula, mwanangu. Binti wa kofia alinitazama mimi, akamtazama Darcy, hajui afanye nini.

Kisha Hollis akaanza kupiga makofi.

"Mungu wangu, wamekuajiri uigize!" akasema, macho yanang'aa. "Nereida, tangu lini? Ndiyo maana ulikuwa unajua kila kitu!"

Wengine wakafuata. Mmoja akapiga mluzi, simu zikainuliwa. "Rudia ile ya kaburini!" akasema mwanamke mmoja. Nikatikisa kichwa, nikasema hapana, jamani, hapana, ni kweli, na kadiri nilivyosema ndivyo walivyoshangilia.

Nikamtafuta Darcy kwa macho. Yeye peke yake mle ndani alijua. Neno moja tu kutoka kwake lingewanyamazisha. Binti wa kofia naye alikuwa anamtazama, anasubiri. Darcy akanitazama usoni, kisha akainua mikono yake na kuanza kupiga makofi pamoja nao.