Nyasi za Timu ya Wanawake

Timu ya wanawake ya Kanyakine ilifanya mazoezi Jumanne saa kumi jioni nyuma ya kiwanda cha kahawa, kwenye kiwanja cha kokoto. Kiwanja cha nyasi kilikuwa cha wanaume. Ligi ilikuwa imesema wazi kwamba timu isiyo na nyasi haitaingia daraja la kulipwa. Kawira, beki wa kushoto, alikuwa amecheza miaka tisa kwa chai na mkate. Alitaka mkataba.

Jumatano nyasi zilikuwa zimeota kila mahali walipokimbia. Upande wa kushoto zilikuwa ndefu zaidi, kwa sababu Kawira si mvivu.

Kocha Mithika alizitazama, akaongeza mazoezi. Majirani walikuja na mapanga na magunia, maana huku ng'ombe hulishwa zizini na majani hayatoshi kamwe.

"Kawira, pitia kwangu ukimbie kidogo," jirani yake Celina alimwambia. "Ng'ombe amezaa juzi."

"Nitapita nikitoka mazoezi, mama."

"Na usitembee! Kimbia kama unafukuzwa na mume."

"Mimi sina mume."

"Basi kimbia kama unamtafuta."

Kawira alipita. Wiki iliyofuata Celina alimletea maziwa kwenye mtungi, wakanywa pamoja.

Mkaguzi wa ligi alifika kutoka Embu, akapima nyasi kwa rula, akatia sahihi. Timu ikaingia. Siku tatu baadaye mwenyekiti wa klabu, Marete, aliwahamishia wanaume kwenye kiwanja hicho cha nyuma ya kiwanda, kwa kuwa chao kilikuwa kimebaki vumbi. Wanawake wangekitumia siku za mechi tu. Mazoezi yao yalipelekwa kwenye machimbo ya mawe yaliyoachwa.

Kisha mikataba ikaja. Wa Kawira ulisema: kazi, kucheza mpira na kuotesha nyasi.

"Wanaume wameandikiwa nini?" aliuliza.

"Kucheza mpira," alisema Mithika, bila kumtazama.

Kawira alitia sahihi. Alimshukuru Mungu, akamshukuru Mithika, akampigia mama yake simu, na mama akalia kwa furaha mpaka simu ikakatika. Alikuwa mwanamke wa kwanza wa ukoo wao kulipwa kwa kucheza, na hilo hakuna aliyeweza kumnyang'anya.

Alifunga viatu, akashuka machimboni, akakimbia.

Ijumaa mawe yalikuwa ya kijani. Marete alifika asubuhi na fundi wa magoli, akaanza kupima hapo uwanja mpya wa timu ya vijana wa kiume.