Loki ya Nyuma

Vijana wa stendi ya Kibiti wanapenda kunichokoza. Wakiniona nimekaa kwenye benchi la muuza kahawa, mmoja atauliza makusudi: Mzee Twalibu, kati ya gari la loki na gari la kompyuta, lipi linatoka kwenye tope? Zamani nilikuwa nasimama kabisa, nazitukana kompyuta zao na waliozitengeneza. Siku hizi namaliza kahawa yangu naondoka. Wanasema nimezeeka. Sijazeeka, nina aibu, na leo nitaisema yote.

Ilikuwa mwaka tisini na tisa, wakati wa kupunguzwa wafanyakazi. Kila wiki unasikia fulani kapewa barua, kiwanda kimeuzwa, ofisi imefungwa. Mimi nilikuwa dereva wa mradi wa afya hapa Kibiti, na kwa miaka kumi na moja nilikuwa nimeendesha gari moja tu, stesheni wagoni la kijivu nililoliita Babu. Babu alikuwa na loki kwenye difu, ile mashine ya chini inayogawa nguvu kwa tairi mbili, ya mbele na ya nyuma. Kwa asiyejua nieleze: gari la kawaida, tairi moja likikanyaga ute, nguvu yote inakimbilia tairi hilo hilo la ovyo, linazunguka bure, na mwenzake aliyekanyaga pagumu anakaa anatazama tu. Ukifunga loki yanazunguka yote mawili, yatake yasitake. Nilikuwa nikizungusha swichi nikasikia kitu kimeshika kule chini, moyo unatulia. Wagonjwa niliowatoa Mloka, kijiji cha kule mtoni, kwa loki ile ni wengi.

Kisha likaja gari jipya, jeupe, pamoja na dereva wake. Kijana wa Moshi, anaitwa Felix, amesoma kozi Dar wiki mbili na cheti chake kimo ndani ya plastiki. Gari halina loki hata moja. Nikamuuliza, sasa hili linatokaje? Akanieleza kwa adabu, nisimsingizie. Kompyuta inalitambua tairi linalozunguka bure, inalikamata kwa breki hilo peke yake, na nguvu inahamia kwa mwenzake. Ila lina sharti, akasema. Ukisikia linanguruma na kutetemeka, usiachie mafuta, maana hapo ndipo linafanya kazi. Sisi watu wa loki tumezoea kinyume chake. Loki unafunga kabla hujaingia topeni, unakwenda polepole, na tairi likianza kuteleza unaachia mafuta mara moja usije ukajichimbia shimo. Felix alinirudia sharti lile mara tatu, na mara zote tatu niliitikia.

Hilo naomba lishikwe. Nilielewa.

Dokta Ebenezer, mkuu wa mradi, Mpare asiyependa maneno mengi, akatuita ofisini. Barua imeshuka kutoka juu: kituo kibaki na gari moja na dereva mmoja. Magari yote mawili yatajaribiwa kwenye tope la njia ya Mloka. Babu akishinda, jeupe litapelekwa mkoa mwingine na Felix wake. Jeupe likishinda, Babu atapigwa mnada. Mimi nitapigwa nini hakusema, wala sikuuliza. Nilikuwa na watoto sita, na kazi nyingine siijui.

Na nilikuwa na siri. Loki ya nyuma ya Babu ilikuwa imekufa tangu mafuriko ya Elnino. Maji yaliingia kwenye mota yake ndogo, ikaungua. Ukizungusha swichi, taa kwenye dashibodi inawaka vizuri kabisa, lakini chini hakuna kinachoshika. Sikuandika kwenye kitabu cha gari, maana spea hazipatikani, na gari lisilo na spea safari yake ni mnadani. Kwa hiyo nikawa nazungusha swichi mbele za watu kwa mbwembwe, taa inawaka, na wao wanaridhika.

Siku ya majaribio nikadai niendeshe magari yote mawili. Mimi ndiye mkubwa kazini, nikasema, na huyu mtoto wa watu hajui tope letu, atatuvunjia gari la wafadhili. Dokta akakubali. Tukaenda kwenye bonde la udongo mweusi lililo baada ya kijiji cha Mkongo. Babu nikampitisha upande wa kulia. Kulia, chini ya tope, kuna magogo ya mikoko tuliyoyazika sisi madereva wa njia ile, na kila mwaka kabla ya masika tunakwenda kuyapanga upya. Mgeni haoni kitu, anaona tope tu. Babu akapita, watu wakapiga makofi.

Jeupe nikalipeleka kushoto, ambako hakuna gogo hata moja. Lilipofika katikati likaanza kunguruma na kutetemeka, vile vile kama Felix alivyosema. Nami nikahisi linavuta. Wallahi nililihisi linapanda. Nikaachia mafuta. Likakaa. Nikakanyaga kwa hasira, nikaachia, nikakanyaga tena, mpaka likalala kwa tumbo. Nikashuka, tope hadi magotini, nikamwambia Dokta aone mwenyewe hiyo kompyuta yake.

Felix alikuwa amesimama karibu na mlango wangu. Alisema taratibu, Dokta asisikie: "Umeachia mafuta, mzee."

Nilimjibu maneno machafu, nisiyarudie hapa. Wiki ile ile akaondoka na gari lake. Alikuja kuniaga nyumbani, akanipa mikono yote miwili, na mimi sikumtazama usoni. Habari ya mnada ikafa. Nilifurahi, sitaki kudanganya. Nilikula nikashiba na nililala usingizi mzuri kwa wiki tatu.

Wiki ya nne, katikati ya mvua, redio ya ofisi ikaita saa moja asubuhi kutoka Mloka. Alikuwa sista Elieth, muuguzi wa zahanati. Mama mmoja mkulima wa mpunga, anaitwa Sijaona, alikesha juu ya dungu, kile kichanja kirefu cha shambani, akilinda shamba. Kulipokucha akashuka, akijua wanyama wamekwisha rudi mtoni. Kiboko mmoja alikuwa bado yumo ndani ya mpunga, akamkamata mguu chini ya goti. Elieth akasema mguu una joto na vidole vinacheza, unaweza kupona kama atafika kwa mpasuaji mchana ule ule. "Njoo na Babu," akasema. "Mwenye loki ni wewe tu."

Kwenda nilipita, juu ya magogo. Tukampakia Sijaona nyuma, Elieth akiushikilia mguu mapajani mwake, tukaanza kurudi chini ya mvua kubwa. Saa nane mchana tukafika bondeni, nikaingia upande wa magogo kama kawaida. Maji yalikuwa yameyachukua magogo. Babu akazama upande mmoja, tairi zote mbili za mbele zikiwa kwenye ute ambako hata loki ya mbele haisaidii, na tairi la nyuma la kushoto likaanza kuzunguka bure.

"Funga loki," Elieth akasema kutoka nyuma.

Nikazungusha swichi. Taa ikawaka.

"Imefunga?"

"Imefunga," nikasema.

Nilikuwa nalitazama tairi la nyuma la kulia kupitia dirishani. Limekanyaga pagumu, juu ya gogo moja lililobaki, na limesimama tuli. Lingesukuma kidogo tu tungetoka. Nilishuka nikachimba, nikakata matawi, nikapiga jeki, jeki yenyewe ikazama. Elieth akasema tumbebe huyu mama tuvuke kwa miguu, ng'ambo kuna njia ya matrekta ya mpunga. Nikamkatalia. Nikamwambia asubiri, loki inashika, linatoka sasa hivi. Akaniuliza tena baada ya saa moja, na baada ya saa nyingine. Kila mara nilisema linatoka. Ningekubali kumbeba, ningekuwa nimekiri kwamba loki haipo.

Saa kumi na moja jioni Elieth akaacha kuniuliza. Akaufunua mguu, akaniita niutazame. Vidole vilikuwa vimebadilika rangi. Hapo ndipo nikamtwaa Sijaona mgongoni, nikavuka naye lile tope lililonifika kiunoni, nikilia na kuomba, yeye akiniambia pole kaka, pole. Tukapata trekta. Daktari alimpokea jua limekwisha zama. Alisema angeletewa mchana angeupigania mguu ule. Aliukata juu ya goti.

Sijaona hakurudi Mloka. Atapandaje dungu? Amekaa hapa Kibiti kwa dada yake, anasuka mikeka na vikapu. Na kila mwaka, ndugu zake wakimletea mpunga mpya, anautwanga, anajaza kikapu alichokisuka mwenyewe, anakileta nyumbani kwangu. Kwetu chombo cha mtu hakirudishwi kitupu; kikirudi kitupu, ujue kupelekeana kumekwisha. Mke wangu anatia sukari au sabuni ndipo anakirudisha, na mwaka unaofuata kinakuja tena. Miaka saba tumekwenda hivyo. Na kila anapopita, Sijaona anawaambia watu: huyu ndiye aliyenibeba mgongoni, yeye na loki yake walinipigania.

Mchele ule nimekuwa nikiula. Ni mtamu, mchele wa Mloka, na hakuna siku umenipita kooni vizuri.

Wiki iliyopita alikuja tena na gongo lake, akaketi mkekani, akahema, akaanza kumsimulia mjukuu wangu habari ya loki. Nikamwambia mtoto akacheze. Nikamweleza Sijaona yote: mota iliyoungua, magogo, mafuta niliyoyaachia, gari jeupe lililokuwa linavuta, na zile saa tatu bondeni. Sikuficha kitu. Nilidhani atalia au atanitukana, na nilikuwa tayari.

Alikunja na kukunjua pindo la khanga juu ya kile kigutu cha mguu. Kisha akauliza swali moja.

"Siku ile, taa iliwaka?"

"Iliwaka."

"Na chini hakuna kitu."

"Hakuna, dada."

Mke wangu alikuwa akitoka jikoni, hajui tulichozungumza. Mchele alikwisha umimina, kikapu kiko kwapani, na mkononi ana pakiti mbili za sukari, anataka kuzitia. Sijaona akamnyoshea mkono.

"Mchele kaeni nao, nimekwisha uleta," akasema. "Kikapu changu nipeni kitupu."