Ua la Petali Tano

Mumbua wa Kithimani hakuwa mtu wa kutupa kitu. Pakiti ya maziwa ikiisha, wengine huwashia jiko. Yeye huikata nyota. Vifuniko vya soda huvitoboa na kuvitunga kwenye uzi mpaka viwe pazia la mlango. Maganda ya mahindi, yale ambayo wewe ungempa ng'ombe, huyachovya kwenye rangi ile ile ambayo akina mama hutilia katani za vyondo, huyakunja, huyafunga, na kesho yake una shada la maua mezani. Hakusomea popote. Ilikuwa ni mikono tu, na maringo kidogo, maana alijua fika kwamba hakuna nyumba mtaani iliyofanya sherehe bila yeye kupanda juu ya kiti na kufunga kitu darini.

Basi fikiria ilivyokuwa zamu ya nyumba yake mwenyewe ilipofika. Ilikuwa Novemba ya mwaka wa tisini na saba, ule mwaka wa mvua ya El Nino, barabara zote zimegeuka uji. Watu wa kijana aliyemtaka binti yake Linet walituma habari kwamba Jumamosi wangeleta mbuzi wa ntheo, na kwa Wakamba mbuzi hao wakishaingia bomani, msichana ni mke wa mtu. Mumbua hakulala wiki nzima kwa mawazo. Alikuwa na nyota, alikuwa na maua, alikuwa na karatasi za chooni za rangi ya waridi za kusokota kwenye lango. Alichokosa ni vitambaa.

Msomaji wa siku hizi huenda hajui. Wakati ule nyumba ilipimwa kwa vitambaa vya makochi. Kochi lenyewe lingeweza kuwa limetoka sponji, lakini likivaa kitambaa cheupe kilichofumwa kwa kroshia, mgeni hana la kusema. Na kwa kuwa si kila mtu alikuwa na vya kutosha, sherehe ilipofika vitambaa vya mtaa mzima vilihama nyumba. Hakuna aliyeona aibu kuomba, wala aliyenyima.

Mumbua alikwenda kwa Mama Njambi.

Huyu alikuwa jirani wa ukuta kwa ukuta, Mkikuyu aliyekuja huku Yatta na mumewe Kiragu kufungua duka la mbegu na mbolea. Kikikuyu cha mmoja na Kikamba cha mwingine vilikutana kwenye Kiswahili, na urafiki wao ulikuwa wa kuingia jikoni bila hodi. Njambi, binti yake, alifariki akiwa na miaka kumi na sita. Homa ya malaria, siku nne tu. Miaka minne ilikuwa imepita, lakini mtaa uliendelea kumwita mama yule Mama Njambi, na yeye hakutaka jina lingine.

"Chukua zote, Mama Linet," alisema, akimjazia karai. Kisha akatenga kimoja, kikubwa, cha maua yaliyoungana. "Lakini hii ni ya Njambi. Alifuma yeye mwenyewe. Usiipige pasi, tafadhali. Nyoosha tu na mkono."

"Sasa mbona unanipatia hiyo?" Mumbua aliuliza. "Wacha ikae."

"Hapana. Si ni siku ya Linet? Hao wawili walikuwa wanakaa dawati moja. Wacha Njambi pia akuwe huko."

Mumbua aliahidi angekishika kama yai. Na aliposema hivyo hakuwa anadanganya.

Jumamosi asubuhi, kila kitu kilikuwa mahali pake. Kitambaa cha Njambi kilikuwa kwenye kiti kikubwa, kile ambacho angekalia mzee Laban, msemaji wa upande wa kijana. Mumbua alirudi nyuma hadi mlangoni, akatazama kama atakavyotazama mgeni, na akaona mkunjo. Mkunjo mmoja, katikati, usiozidi kidole. Mtu mwingine asingeuona. Yeye aliuona, na baada ya kuuona hakuweza kuona kitu kingine chumbani.

Alijiambia ni sekunde mbili tu. Pasi ya makaa ilikuwa ishawaka kwa ajili ya shati la mumewe, Ndunda. Akatandika blanketi mezani, akakitandaza kitambaa, akaiweka pasi katikati. Wakati huo huo Linet akapiga kelele kutoka nje: "Mami! Mvua imeanza! Karatasi zote za lango zinayeyuka!"

Akakimbia. Akakimbilia karatasi za chooni! Alipokumbuka pasi, harufu ilikuwa imefika mlangoni. Aliinua, na hapo katikati ya kitambaa palikuwa na shimo lenye umbo la pasi, kingo zake kahawia, maua manane yamekwenda.

Wageni walikuja na mbuzi wao, wakala, wakacheka, wakasifu maua ya maganda mpaka mzee Laban akaomba moja ampelekee mkewe. Mumbua alitabasamu mpaka mashavu yakauma. Kitambaa kilikuwa chini ya godoro. Mama Njambi, aliyekuja kusaidia kugawa pilau, alitupa macho kwenye kiti kikubwa mara moja, mara mbili, na hakuuliza.

Jumapili jioni Mumbua alirudisha karai. "Ile ya Njambi ilimwagikiwa soda," alisema, na uongo ulitoka laini kuliko alivyotarajia. "Nimeiloweka. Na hii mvua, haitakauka leo."

"Aa, usijali. Soda hutoka," Mama Njambi alisema.

Hapo ndipo dhambi ilipoanza hasa. Kuunguza ni ajali, tena ya kiburi, lakini bado ni ajali. Haya mengine yalikuwa ya kupanga. Mumbua alinunua uzi Matuu, kusudi asionekane Kithimani. Wiki tatu alijifungia stoo nyuma ya magunia ya mbaazi, kitambaa kilichoungua mapajani, akifuma kingine ua kwa ua. Uzi ulipoonekana mweupe mno, aliuchovya kwenye chai ya rangi iliyopoa, ukapata ule umanjano wa miaka. Ujanja wake wote wa kupamba, ule uliofurahisha mtaa, sasa ulikuwa ujanja wa kuficha. Kila asubuhi Mama Njambi aliuliza kutoka upande wa pili wa uzio, bila haraka, "Bado haijakauka?" na kila asubuhi Mumbua aliisingizia mvua, ambayo kwa kweli ilikuwa inanyesha.

Maua yote yalikuwa na petali sita. Alipofika kwenye ua la mwisho la pembeni, alihesabu tano, tena zimejikunja upande mmoja. Akahesabu tena. Maskini mtoto, aliwaza, alikosea hapa. Akafuma sita. Nakwambia ukweli wake, alijisikia vizuri kidogo, kama aliyemfanyia marehemu wema.

Mama Njambi alikipokea kwa mikono miwili. Alikitandaza mapajani, akapitisha kidole ukingoni taratibu mpaka pembeni, na hapo kidole kikasimama. Kikarudi. Kikapita tena.

"Imekuwa safi," alisema baadaye. "Asante, Mama Linet."

Kitambaa kile hakikurudi kwenye kochi. Mumbua alipoingia siku zilizofuata alimkuta mwenzake amekishika, midomo ikisogea bila sauti. Aliacha kuingia bila hodi. Halafu akaacha kuingia kabisa. Akipika chai, mkono wake ulienda kwenye kikombe cha pili, cha mwenzake, na kurudi. Kile kilichoungua alijaribu kukichoma mara mbili, akashindwa. Akakisukuma chini kabisa ya gunia lake la mapambo, pamoja na nyota na vifuniko vya soda.

Kiragu ndiye aliyekuja, katikati ya Desemba, akavua kofia iliyolowa mlangoni.

"Mama Linet, kuja uongee na Mama Njambi. Wewe anakusikiliza."

"Kwani ni mgonjwa?"

"Sijui niseme nini. Anahesabu hiyo kitambaa mchana yote." Alikaa, akaikunja kofia. "Unajua Njambi aliimaliza akiwa kitandani. Siku ya pili ya homa. Mama yake alimwambia awache, alale. Akasema imebaki ua moja tu. Hiyo moja ilitoka petali tano. Mama yake ndiye aliona, wakacheka pamoja. Hiyo ndiyo ilikuwa kicheko yake ya mwisho, huyo mtoto. Sasa anatafuta hiyo ua, haipati. Zote ni sita."

Mumbua alishika ukingo wa meza.

"Nimemwambia labda alisahau," Kiragu akaendelea. "Hapo ndipo nilikosea. Sasa anasema kama hiyo aliiota tu, basi na zingine labda aliziota. Ananiuliza, Njambi alikuwa anacheka aje? Alikuwa na pengo upande gani? Anasema akili yake imeanza kumtupa mtoto."

"Hajafikiria... labda kitambaa kimebadilishwa?"

Kiragu alimtazama kwa mshangao wa mtu asiye na hila. "Na nani? Si ilikuwa kwako?"

Hakuna kofi ambalo lingemuuma Mumbua kama maneno hayo. Mwanamke yule alikuwa amechagua kuitilia shaka akili yake mwenyewe kabla ya kumtilia shaka yeye. Wiki tano alikuwa akiogopa kukamatwa, na kumbe hakukuwa na mtu aliyekuwa akimkimbiza. Aliona haya mpaka masikio yakawaka.

Alimwaga gunia lote sakafuni mbele ya Kiragu. Nyota zikatawanyika, vifuniko vikabingirika hadi chini ya kabati. Akakichomoa kitambaa, akatoka nacho kwenye mvua bila kitu kichwani, akikificha kifuani kisilowe, Kiragu akimfuata nyuma.

Mama Njambi alikuwa jikoni. Mumbua alikiweka kwenye mapaja yake bila salamu.

"Hii ndiyo ya Njambi," alisema. "Niliipiga pasi. Uliniambia nisipige na nikapiga. Hakuna soda ilimwagika. Hiyo nyingine nimefuma mimi, na hiyo ua ya petali tano niliirekebisha mimi, nikidhani ni makosa. Akili yako haina kitu. Ni mimi."

Mama Njambi hakutazama shimo. Kidole chake kilikwenda moja kwa moja pembeni.

"Moja," alisema. "Mbili. Tatu. Nne. Tano." Akaanza tena kutoka moja. Alipofika tano mara ya tatu alitoa sauti ambayo Mumbua hakujua kama ni kicheko au kilio, na mwenyewe huenda hakujua. "Ngai! Tano. Nilisema ni tano. Baba Njambi! Nilisema!"

Ndipo akaliona shimo. Alipitisha mkono ndani yake, vidole vikatokea upande wa pili.

"Hii ningekusamehe siku hiyo hiyo," alisema polepole. "Ungeniletea hata majivu. Lakini umeniacha wiki mbili nikimtafuta mtoto wangu kwa kichwa, na wewe unajua mahali ako."

"Sikujua kama—"

"Enda nyumbani, Mama Linet."

Alikwenda. Na Krismasi ile nyumba ya Mumbua haikupambwa. Ndunda aliuliza mara moja, akajibiwa kwa jicho, akaachana na habari hiyo. Mvua ilipungua. Akina mama wawili walianika nguo pande mbili za uzio mmoja na kusalimiana kama watu wa benki.

Mwezi wa pili, mjukuu wa kwanza wa Mama Njambi, mtoto wa mwanawe Ngigi, alikuwa abatizwe. Siku mbili kabla, sauti ilipita juu ya uzio: "Mama Linet. Hizo maua zako za mahindi, bado ziko?"

"Ziko."

"Lete. Na kiti ya kupanda."

Hapakuwa na maneno zaidi, na Mumbua hakuyaomba. Siku yenyewe alipamba chumba kile kutoka asubuhi mpaka mchana, akanyoosha kila kitu kwa kiganja. Alipofika kwenye kiti kikubwa, kile cha heshima kinachoelekea mlango, alikikuta kimeshavishwa. Kitambaa cha Njambi, kimefuliwa, kimetandazwa mgongoni, shimo la pasi katikati kabisa ambapo kila anayeingia lazima alione. Aliinua shada la maua ili aliweke pale mbele. Akalishika kitambo kirefu. Akaliweka mahali pengine.

Wageni walijaa. Shangazi yake Kiragu, Muringo, au tata kama walivyomwita kwa Kikikuyu, mama wa mdomo usio na breki aliyetoka Murang'a asubuhi ile, alisimama mbele ya kiti na mikono kiunoni.

"Haiya! Na hii nyumba imepambwa hivi yote, mnaweka kitambaa imetoboka? Nani aliunguza?"

Mama Njambi, birika mkononi, aligeuka. "Aa, ni pasi tu, tata," alianza kusema.

"Ni mimi," Mumbua alisema. Alikuwa bado juu ya kiti cha kupandia, uzi mdomoni, na watu wote wakainua macho kumtazama. Aliutoa uzi. "Niliambiwa nisiipige pasi, nikapiga. Kisha nikadanganya. Ni mimi."

Muringo alishusha mikono kutoka kiunoni. Mama Njambi alimimina chai kikombe kimoja, akamimina cha pili, akakipeleka hadi chini ya kiti cha kupandia na kukiinua mpaka Mumbua akakipokea.

"Wachana na shimo, tata," alimwambia Muringo. "Kaa hapa, nikuonyeshe hiyo ua ya pembeni. Hebu hesabu."