Akiba ya Mshono

Mama alikuwa amebakiwa na sauti ya kuimba mara moja tu. Daktari hakuzunguka mbuyu: Jumatatu angempasua koo, na sauti itakayorudi baada ya hapo, Mungu ndiye ajuaye. Kwa hiyo Jumamosi, baada ya chakula cha mchana, binti yake mkubwa aliifunika cherehani yake, akaweka kompyuta juu ya meza ya kukatia vitambaa, akafungua ile programu ya kurekodi sauti aliyoisomea miezi mitatu.

Alikuwa fundi wa nguo tangu ujana. Alipofika miaka hamsini na minne alijiandikisha masomo ya jioni, akakaa mstari wa mbele, miwani puani, katikati ya vijana waliomwita Mama Sindano. Hakufuata cheti. Alifuata sala. Mama yao aliitunga mwenyewe alipofiwa na mume angali kijana, akawaimbia wanawe kila alfajiri, na hakuna mtoto aliyewahi kuyashika maneno yote. Kila mmoja alikuwa na kipande chake. Nzima alikuwa nayo Mama peke yake.

Mama alikaa kwenye kiti cha wateja, shali shingoni. Pembeni alisimama kitindamimba, ambaye hata mtaa wa pili walimjua kwa jina la Spika.

"Dada, bonyeza basi hicho kitufe chekundu. Mama anachoka."

"Sijapima."

"Unapima nini? Hii si suruali."

"Ndiyo maana zako zote zinakubana," Mama akanong'ona.

Fundi aliendelea na kazi. Kwake mkasi ulikuja mwisho siku zote. Akaanzisha mradi mpya, akaupa jina, Sala ya Mama, na tarehe. Akachagua mahali pa kuuweka, akauhifadhi ungali mtupu, maana nguo isiyoandikwa jina hupotea dukani. Akaongeza njia moja ya sauti, kwa kuwa mwimbaji alikuwa mmoja. Kisha akachomeka maikrofoni aliyoiazima darasani, akaisogeza hadi ikabaki shubiri moja kutoka kinywani mwa Mama.

"Hesabu mpaka tano, Mama. Usiimbe kwanza."

"Moja, mbili, tatu..."

Kwenye kioo cha kompyuta, mstari wa kijani ukaruka.

"Si umeona? Inasikia!" Spika akadakia. "Rekodi!"

Kidole cha fundi kilikuwa tayari juu ya kitufe. Ndipo alipokumbuka mtihani wake wa kwanza. Alimrekodi mwenzake nusu saa nzima, mwalimu akasikiliza, akavua hedifoni na kusema, "Mama Sindano, feni umeirekodi vizuri sana." Kumbe programu ilikuwa inasikiliza kupitia maikrofoni ndogo iliyomo ndani ya kompyuta, na ile kubwa imesimama kama pambo. Darasa lilicheka, naye akacheka nalo, kisha akalia njia nzima ya kurudi nyumbani.

Akaikwaruza maikrofoni kwa ukucha. Mstari ukabaki umelala. Akakwaruza ubavu wa kompyuta. Mstari ukaruka.

"Ee Mungu," akasema taratibu, "asante kwa ile feni."

Akafungua orodha ya vifaa, akachagua maikrofoni aliyoichomeka. Mama akahesabu tena, na safari hii mstari ukapanda hadi kwenye nyekundu. Akaupunguza mpaka ukatulia kwenye kijani. Akafunga dirisha. Akazima feni ya ukutani. Kisha akamgeukia mdogo wake.

"Na wewe, swichi yako iko wapi?"

Mama alicheka, akakohoa, akanywa maji.

"Nikiinua mkono, anza," fundi akamwambia. "Ukimaliza, tulia mpaka niushushe. Naacha kimya kidogo mwanzo na mwisho, kama akiba ya mshono, kile kitambaa cha ziada ninachokiacha ukingoni."

Akafumba macho, akaomba kwa maneno matatu tu. Akabonyeza. Akahesabu kumi kimoyomoyo, akainua mkono.

*Uliyetufikisha asubuhi, tufikishe na jioni. Mwanangu akijikwaa, mkono wako uwe chini yake.*

Sauti ilikuwa na mikwaruzo, lakini ilishika njia. Ubeti wa tatu ulipofika, ule ambao hakuna aliyekuwa na hata neno lake moja, Spika aligeukia ukuta, akajifuta uso kwa kipande cha kitambaa cha mteja. Neno la mwisho lilitoka kama pumzi.

Mkono wa fundi ulikuwa bado juu. Mama alitakiwa atulie. Badala yake akainamia maikrofoni.

"Na huyu, Bwana, aliyekaa darasani na watoto wa wenzake ili asinipoteze. Umwone. Ni wangu huyu."

Fundi akauacha mkono juu. Hakuushusha mpaka alipohesabu kumi.

Alihifadhi kazi, akatengeneza na nakala ya pili, kisha akamvika Mama hedifoni. Mama alisikiliza hadi mwisho bila kupepesa.

"Maneno hayo ya mwisho utayakata, sivyo?" Spika akauliza, na kwa mara ya kwanza siku ile aliuliza kwa sauti ya chini. "Si sehemu ya sala."

"Akiba ya mshono haikatwi, mdogo wangu," fundi akasema. "Nguo ikija kukubana, huko ndiko unakopanulia."