Bei ya Kusafirisha Umeme

Mchumi wa shirika la umeme alikuwa amebanwa kotekote. Serikali ilikuwa inaliuza shirika, naye ndiye aliyepewa kazi ya kupanga bei ya kusafirisha umeme kwenye nyaya kubwa. Wanunuzi walitaka kila mji ulipe kulingana na umbali wake kutoka mitamboni. Mji wa mbali kuliko yote ulikuwa ule alikozaliwa mchumi, ambako kaka yake alikuwa na mashine ya kusaga.

“Tukiweka bei moja kwa wote?” alimuuliza mkurugenzi.

“Watajitoa. Na sisi hata transfoma zikiungua hatuwezi kununua nyingine. Unataka nchi nzima ikae gizani?”

Hakutaka. Alitafuta njia nyingine mpaka kichwa kikamuuma, kisha akatia saini bei ya umbali.

Kabla hajatoka ofisini, kaka yake akapiga simu, kicheko tele.

“Mdogo wangu, tumesikia bei unapanga wewe! Huku watu wamepumua. Hata jirani yule mkorofi leo kanisalimia. Wanasema binti yetu hawezi kututupa.”

Alifungua mdomo amweleze, akaitazama saini yake mezani.

“Wasalimie wote, kaka,” akasema, akabaki ameishika simu iliyokwisha kukatika.