Swali Aliloulizwa Paka

Kitendawili. Mgeni huingia mlango wa mbele amevaa rangi zake, hutokea mlango wa uani, na mwenye nyumba hamuulizi alikopita. Umesema chakula? Umepata. Ila huko kutouliza ndiko kulikomsumbua Bi Kashindye wa Kiseke.

Aliishi na binti yake Rebeka na mkwewe Masele, mbeba magunia ya dagaa pale soko la samaki la Mwaloni. Tangu mgongo umkamate, Masele alitafuna vidonge vya maumivu kama karanga, tena tumbo tupu. Sasa midomo ilikuwa imempauka, na kilima cha kwao alikipanda akishikilia mawe. Rebeka alipomuuliza habari za choo, alichekwa, akaambiwa tangu lini amekuwa bibi afya. Na Kashindye angeulizaje? Mkwe hata usoni humtazami, seuze kumuuliza ya chooni.

Basi akapika makande, mahindi kwa maharage. Mama yake alimfundisha kwamba punje ya hindi ni mjumbe: haisagiki yote, ukiiona imetoka kesho au keshokutwa, ujue tumbo linatembea. Na ukishainama kumtafuta mjumbe, tazama na rangi ya njia aliyopita.

Keshokutwa yake, mchana, usingizi ulimchukua mkekani. Akaota ziwa limo tumboni mwa Masele, pana, limetulia, na punje ya hindi inaelea kama kamtumbwi keupe. Sami, wale wadudu wa ziwani, wakapanda kama moshi. Maji yakaanza kuwa meusi, meusi, hadi kamtumbwi kakapotelea humo.

Alizinduka, au alidhani amezinduka. Jua lilikuwa likiyeyuka juu ya mawe. Masele ameketi kizingitini, amempa mgongo kama adabu inavyotaka, na paka kajilaza katikati yao.

"Wewe paka," Kashindye akasema taratibu, "makande ya juzi yametoka na rangi gani?"

Akaendelea kumweleza paka kwamba kinyesi cheusi, cha kunata, huweza kuwa damu inayovuja ndani, na paka wa namna hiyo haponi kwa uji wa mama mkwe. Hupelekwa hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni mwizi wa dagaa.

Rebeka, aliyekuwa akiingia na ndoo, akasimama.

Masele alinyoosha mkono, akampapasa paka shingoni, muda mrefu.

"Paka, mwambie mama," akasema. "Nyeusi. Kama lami. Tangu Jumapili."