Shokapu za Ukurasa wa Saba

Jumamosi saa tatu asubuhi karani wa idara ya barabara alisimama mbele ya kigari chake cha buluu, akakandamiza boneti kwa mikono miwili, akaachia. Gari lilipanda, likashuka, likapanda tena. Lilinesa mara tano kabla ya kutulia. Alizunguka nyuma akafanya vilevile, na huko lilinesa mara sita.

Kosa halikuwa la gari. Mdogo wake karani, mpenzi wa magari yaliyolala chini, alikuwa amemletea zawadi ya springi fupi. Wakazifunga wenyewe wakitaniana, na shokapu, zile za kuzuia springi zisinese ovyo, wakaziacha zilezile zilizotoka na gari kiwandani. Gari lilishuka vidole vitatu likapendeza kweli, hata jirani ambaye hakuwa na desturi ya kusalimia alisalimia. Lakini shokapu zile zilitengenezwa kwa springi ndefu na laini. Hizi fupi na ngumu zilizishinda shokapu hizo, kila tuta likawa ngoma, na kwenye shimo shokapu zilifika mwisho zikagonga chuma kwa chuma.

Karani angevumilia, maana cha kujitakia hakina pole. Tatizo lilikuwa mama yake. Mwaka uliopita alivunjika nyonga, na sasa mara tatu kwa wiki alipelekwa kliniki kunyooshwa mguu. Daktari alisema wazi kwamba asipokosa hata wiki moja atatembea, na akikosa, mguu utakauka hivyohivyo. Jumatano iliyopita alipoteremshwa garini midomo ilikuwa imemkauka, na jasho linamtiririka shingoni.

"Gari lako zuri, mwanangu," alisema. "Lakini mimi humo simo tena. Nitakaa nyumbani na mguu wangu."

Huyu hakuwa mwanamke wa kulalamika. Alilea watoto wawili kwa cherehani moja, na sindano ilipomtoboa kidole alimaliza kwanza pindo ndipo akatafuta kitambaa. Kwa hiyo karani hakubishana naye. Alikwenda kwa Fundi Kiganja.

Fundi Kiganja alikuwa mwanamke mpana, mpole, aliyepewa jina hilo kwa sababu ya mkono wake wa kulia. Aliuweka juu ya gari kama mtu anayepima homa ya mtoto, na ugonjwa ukajulikana. Gereji yake ilikuwa nyuma ya wauza matairi, nguzo nne na bati. Kwenye ukuta wa nyuma wa wauza matairi shokapu zilining'inia kwa urefu wake, kutoka ndefu hadi fupi, zimefutwa vumbi. Mafundi wenzake walikuwa na midomo mirefu kuliko spana zao. Yeye alisema kidogo, na gari alilolishika halikurudi.

Alikandamiza boneti mara moja tu.

"Springi nimeziona, gari nimeliona," alisema. "Barabara sijaiona. Niletee."

Huo ndio ulikuwa utaratibu wake. Kila mteja alileta barabara yake kwenye karatasi: mashimo, matuta, mahali maji yanapotuama. Madereva wa teksi walileta madaftari. Muuza mkaa asiyejua kuandika alikaa kwenye ndoo, akamsimulia njia yake tangu asubuhi mpaka adhuhuri.

"Shokapu na springi ni mume na mke," Fundi Kiganja alimweleza karani. "Huwezi kuwaozesha kabla hujajua nyumba watakayokaa."

Karani alikusudia kuandika Jumatatu. Lakini kazi zilimwelemea, Jumatano ilikuwa inakuja, na haraka haina baraka. Alifungua kabati la ofisi akatoa nakala ya ripoti ya kukabidhi barabara ya kliniki. Ilikuwa na kurasa kumi na moja, na kila kipimo kilikuwamo: upana, unene wa lami, mifereji, mistari myeupe. Aliichapa yeye mwenyewe miaka miwili nyuma. Wakati ule mkandarasi hakuwa ameleta hata toroli, na mkuu wa idara alimwambia, "Andika kama mkataba unavyosema." Akaandika. Kuhusu mashimo, karani alidhani hayana haja ya kuelezwa, kwa kuwa kila mtu aliyajua.

Jumanne Fundi Kiganja aliisoma ripoti yote, midomo ikicheza.

"Nani kaandika?"

"Mimi, Fundi."

"Umeandika vizuri. Hakuna ulichosahau."

Alifanya kazi siku nzima, na karani, aliyeomba ruhusa kazini, alikaa kwenye ndoo ya muuza mkaa akimtazama. Ilikuwa raha kumtazama. Ukutani alichagua shokapu nne za mwili mfupi, ili gari likiwa chini vyuma visifike mwisho. Mbili alizirudisha akachukua nyingine, kwa sababu hazikupumua sawa na zile mbili. Alizifungua, akabadilisha mafuta, akaonja ukinzani kwa kuvuta na kusukuma, macho kwenye ukurasa wa saba, ule wa lami. Alipunguza raba za kikomo, zinazozuia chuma kisigonge chuma, kwa kisu, ukanda mwembamba kila mara.

"Ikiwa ngumu mno, mama atarushwa," alisema. "Ikiwa laini mno, springi itamchezea. Nataka lipande mara moja, basi."

Jua lilipokuwa linainama alikandamiza boneti. Gari lilipanda mara moja, likatulia. Karani alijisikia kama aliyeshushiwa gunia mabegani. Aliinama akaushika ule mkono wa kulia kwa mikono yake yote miwili, mafuta na yote.

Jumatano mama alikubali kupanda, kwa shingo upande, akashikilia mpini wa mlango kabla gari halijawashwa. Walipita kona. Mbele ya kinu cha unga palikuwa na shimo ambalo bata walikuwa wakiogelea humo tangu masika. Gari lilipita juu ya bata, shubiri moja hewani, na magurudumu yalitoa sauti ya lami mpya. Kupitia kioo cha mbele mistari myeupe ilionekana, umbali sawa baina yake, kama ukurasa wa sita ulivyosema. Mchomeleaji aliyekuwa kando ya njia alifunua kofia yake ya chuma akatazama.

"Hilo limefungwa vizuri," alisema, akarudi kwenye lango alilokuwa anachomelea.

Mama aliachia mpini.

"Barabara hii waliitengeneza lini?"

"Mwaka juzi, mama. Mwezi wa nane," karani alijibu, kwa kuwa ndivyo ilivyoandikwa.

Mama hakukosa tena kliniki. Wiki ya sita aliweka moja ya fimbo zake mbili nyuma ya mlango, akabaki na moja.

Jambo zuri halijifichi. Wakati huo wakazi walikuwa wamepeleka malalamiko makao makuu, na mkaguzi akatumwa. Mkuu wa idara, mtu mwenye akili za haraka, alimpandisha mkaguzi kwenye kigari cha buluu na kumpa kikombe cha chai. Karani aliendesha. Walikwenda mpaka mwisho na kurudi, na chai haikumwagika hata tone. Mkaguzi alitia sahihi kwamba malalamiko hayana msingi. Waraka huo nao aliuchapa karani, na aliona aibu kwa kila herufi.

Jioni alikwenda gereji.

"Fundi, unaweza kunifungia nyingine? Za barabara yenyewe?"

"Naweza," alisema Fundi Kiganja, akifuta mikono. "Barabara niliyofunga ndiyo uliyoniandikia. Andika nyingine."

"Mama atarushwa?"

Fundi alifikiri. Hakuwa mtu wa kudanganya mteja.

"Nitajitahidi kadiri ya mkono wangu. Lakini shimo ni shimo."

Karani alikaa mezani nyumbani na karatasi nyeupe. Aliandika: Kuanzia kona, shimo la kwanza. Chumba cha pili alimsikia mama akitembea kwa fimbo moja, akihesabu hatua kama alivyofundishwa. Aliikunja karatasi, akaitia mfukoni mwa shati. Alilivaa shati hilo siku nyingi.

Ijumaa moja, baada ya mvua, walikuwa wanarudi kutoka kliniki. Mbele ya kinu cha unga mama alimwona shoga yake wa zamani, aliyeshona naye chumba kimoja miaka kumi na minane. Alikuwa na beseni la unga kichwani, kanga ameikunja magotini, anatafuta pa kukanyaga.

"Simama," alisema mama.

Gari lilisimama juu ya lami ya ukurasa wa saba. Mama alifungua mlango akashusha mguu, ule wa nyonga iliyovunjika. Mguu ulipenya lami kana kwamba haipo, ukaingia majini mpaka nusu ya muundi. Alisimama humo na fimbo yake. Alitazama mguu, akatazama magurudumu makavu yaliyokuwa sawa na goti lake. Kisha alimtazama mwanawe, na karani akaangalia usukani.

"Ingia, dada," alimwambia shoga yake. "Gari la mwanangu halirushi."

Waliingia wote wawili. Tope lilichuruzika kwenye zulia la gari.

"Linabeba wangapi hili?" mama aliuliza.

"Watano, mama."

Karani alitia gia. Gari lilipanda mara moja, likatulia, likaondoka kwa ulaini wa kupendeza. Mama aligeuza shingo kwenye kioo cha nyuma, akaanza kuwahesabu waliobaki barabarani wakikanyaga tope. Walipofika nyumbani alikuwa bado anahesabu.